Mwani Ulioachia Kamba: Namna ya Kugundua Imani Inapopoa na Kuirudisha

Jumapili moja asubuhi nilikuwa naanika shuka uani, Jambiani, jirani yangu akapita anashuka pwani. Kichwani kajitwika kamba za mwani, mkononi kashika vigingi viwili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Huumwi?"

"Siumwi."

"Haya. Maana Jumapili ya ngapi hii nakuona hwendi kanisani."

Nikamjibu kwamba kazi zimezidi, hoteli imejaa wageni. Akaitikia, "Mungu akufanyie wepesi," akaenda zake. Nilibaki na shuka mkononi. Angeniuliza ni Jumapili ngapi hasa, ningesema mbili, labda tatu, na ningeapa. Niliingia ndani, nikachukua ratiba ya zamu iliyokuwa imebandikwa ukutani, nikahesabu kwa kidole. Zilikuwa kumi na moja.

Mimi nimezaliwa Muheza, nimebatizwa mtoto mchanga, nimeimba kwaya tangu shule ya msingi. Nilivuka kuja Unguja kufanya kazi ya jikoni hotelini. Aliyegundua kwamba nimepoa hakuwa padri wala mwanakwaya mwenzangu. Alikuwa bibi Mwislamu, mkulima wa mwani, aliyezoea kuniona nikitoka na Biblia mkononi, kisha akaona siku hizo sitoki.

Naandika kwa ajili ya Mkristo mwenzangu aliye Nungwi, Kiwengwa, Paje, Chake Chake, Weti, popote visiwani alikofuata riziki. Kwetu bara kanisa hukuvuta hata ukiwa mvivu: kengele unaisikia, mama anakugongea mlango, kwaya inafanya mazoezi nyuma ya nyumba. Huku sisi ni wachache. Ukiacha kwenda, hakuna anayekukataza wala anayekusukuma. Unaachia tu, na siku zinapita.

Jirani yangu alinifundisha jambo siku moja nilipomsindikiza shambani kwake baharini. Mwani hufungwa kwa mafundo madogo kwenye kamba iliyovutwa kati ya vigingi viwili. Mawimbi hayang'oi fundo kwa mkupuo. Kila maji yanapojaa na kupwa, linalegea kidogo, hata siku moja kichala kinaponyoka. Nilimwonyesha kimoja kilichokuwa kinaelea pembeni, kijani kibichi, nikadhani ni kizima kama vingine. Akanambia, "Huo umeshaachia. Rangi isikudanganye."

Nimekaa na maneno hayo muda mrefu. Hatua zinazofuata ndizo nilizopita mimi, pamoja na nilizoziona kwa wenzangu.

Hatua ya kwanza: jiulize kama umepoa au umechoka

Naanzia hapa kwa sababu nimeona watu wakijipiga vifua kwa dhambi ambayo si dhambi. Msimu wa Julai na Agosti, na ule wa Desemba na Januari, mfanyakazi wa hoteli anaamka kabla ya jua na kulala usiku wa manane. Ukiwa katika hali hiyo ukapiga magoti, ukasinzia, usikimbilie kusema umerudi nyuma.

Soma 1 Wafalme 19. Eliya alikuwa ametoka kushinda vita kubwa ya imani, akaenda jangwani akaomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimwamsha ale mkate uliookwa juu ya makaa na anywe maji, akamwacha alale tena, akamwamsha ale mara ya pili. Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye, mlimani.

Basi fanya hivyo hivyo. Pata siku mbili tatu za usingizi wa kutosha na chakula cha kukaa chini. Kisha jitazame. Ukipumzika na kiu ya maombi ikarudi yenyewe, ulikuwa umechoka, mshukuru Mungu. Ukipumzika na saa zako za mapumziko zote zikaishia kwenye simu, na wazo la kuomba likija unalisogeza kando kama mtu anayekudai, endelea na hatua ya pili. Na kama unachobeba ni huzuni isiyokutoka wiki baada ya wiki, hulali, huli, huoni sababu ya kuishi, hayo yapeleke pia kwa daktari. Kwenda hospitali hakupunguzi imani.

Hatua ya pili: hesabu

Usijiulize "naendeleaje kiroho?" Moyo utajibu "nzuri tu." Waraka kwa Waebrania 2:1 unasema, "Kwa hiyo imetupasa kuyaangalia zaidi hayo yaliyosikiwa tusije tukayakosa." Neno la Kigiriki lililotafsiriwa "tukayakosa" lina maji ndani yake: ni kitu kupitiwa na mkondo na kusogezwa polepole kutoka mahali kilipokuwa. Anayesogezwa hivyo hasikii mtikisiko. Samsoni aliamka akidhani atajinyoosha kama siku zote, wala hakujua kwamba Bwana amemwacha. Hosea anamsema Efraimu kwamba mvi zimeshaota kichwani mwake naye hana habari. Hawa hawakuwa wakidanganya mtu. Walikuwa hawajui.

Ndiyo maana nasema chukua karatasi uandike namba. Kwa mwezi uliopita: Jumapili ngapi nilikuwa ibadani? Siku ngapi niliomba peke yangu, ukiacha dua ya chakula? Mara ngapi nilifungua Biblia bila kutumwa na mtu? Mara ya mwisho kumwomba mtu radhi ni lini? Kutoa kitu kwa siri je? Kulia au kufurahi mbele za Mungu? Usipokumbuka, andika "sikumbuki." Nilipofanya mara ya kwanza, maswali manne kati ya sita niliyajibu "sikumbuki."

Zipo dalili ambazo namba hazizishiki, nazo nimezifahamu kwa kuziishi. Maombi yanakuwa ya kuomba vitu tu, toba inapotea bila kuaga. Mahubiri unayasikiliza kwa ajili ya wengine: "laiti fulani angekuwepo asikie." Kuna mtu mmoja unayemkwepa, kwa sababu unajua atakuuliza hali yako na hatakubali jibu fupi. Video za wahubiri unatazama nyingi, na baada ya kila moja unajiona umeshaabudu.

Dalili moja nitakaa nayo kidogo, kwa kuwa huku visiwani inatudanganya sana. Mtu anaweza kupoa huku anabishania dini kwa moto. Nilimfahamu kijana mwenzetu aliyekuwa hodari wa kujibu hoja barazani na kazini. Aya alizijua, sauti alikuwa nayo, na hakuna aliyemfunga mdomo. Siku moja aliniambia mwenyewe, kwa sauti ya chini, kwamba ana miezi hajaomba. Alikuwa akilitetea jina la Kristo kama mtu anavyotetea timu yake ya mpira. Ubishi ulimpa joto, akadhani ni joto la Roho. Ukijiona unapenda zaidi kumshinda jirani kuliko kumwombea, simama hapo ujikague.

Na kinyume chake kipo. Ukiulizwa dini yako unageuza mazungumzo, si kwa kuogopa, maana majirani zetu hawali watu. Unageuza kwa sababu ndani huna uhakika kama bado unastahili kujibu.

Hatua ya tatu: tafuta fundo lililolegea kwanza

Hii ndiyo hatua ngumu, na wengi wanairuka. Wanakimbilia kufunga na kukesha kabla hawajajua walianzia wapi, na baada ya mwezi wako pale pale.

Bandu bandu huisha gogo, na kila mara kuna bandu la kwanza. Mfuate Petro katika Luka 22. Kwanza alilala bustanini wakati ameambiwa aombe. Yesu alipokamatwa, "Petro akamfuata kwa mbali." Kisha akaketi katikati ya watu wasio wake kuota moto. Kukana kulikuja mwisho. Ukitazama kukana peke yake utadhani aliangukia uani kwa kuhani mkuu, kumbe alianza kuteleza usingizini. Au mtazame Dema. Katika barua kwa Filemoni, Paulo anamtaja miongoni mwa watenda kazi pamoja naye. Katika Wakolosai 4:14 yumo katika salamu, jina tupu bila sifa. Katika 2 Timotheo 4:10 ni hivi: "Dema aliniacha, akiupenda ulimwengu huu wa sasa." Hatujui siku aliyoanza. Yeye alijua.

Paulo aliwauliza Wagalatia, "Mlikuwa mkipiga mbio vizuri, ni nani aliyewazuia?" Jiulize swali hilo ukiwa na kalamu, na usikubali jibu la kwanza linalokuja.

Jibu langu la kwanza lilikuwa zamu, na lilikuwa na ukweli wake. Ibada ya Jumapili inagongana na chakula cha asubuhi cha wageni. Krismasi ndiyo kilele cha msimu: likizo zinafutwa, nawe unapamba mti wa hoteli na kupanga mezani keki za watu, huku wewe hujaimba wimbo hata mmoja wa kuzaliwa kwa Bwana. Lakini nilipoirudia ratiba ile ya ukutani niliona kitu. Katika zile Jumapili kumi na moja, nne nilikuwa sina zamu. Na moja niliiuza mwenyewe: nilibadilishana na mwenzangu kwa sababu wageni wa Jumapili ile walisifika kwa bahshishi.

Basi si zamu. Ni nini? Nilikaa na karatasi hadi likatoka, na lilikuwa dogo la kutia haya. Miezi kadhaa nyuma, baada ya mazoezi ya kwaya, nilidaiwa mchango wa sare mbele ya wenzangu. Shilingi elfu kumi na tano. Sikuwa nazo, na namna nilivyoulizwa iliniuma. Jumapili iliyofuata nilisema nina zamu. Sikuwa na zamu. Nilikaa chumbani nikapika wali wa nazi, nikala peke yangu. Jumapili ya pili ilikuwa rahisi zaidi. Ya tatu sikuhitaji hata kutunga sababu.

Lako linaweza kuwa jingine. Nimeona kinyongo na kiongozi wa kanisa, msiba ambao mtu hajamsamehe Mungu, fedha za msimu ambazo sadaka yake ilikaliwa, dhambi moja ya usiku mmoja ambayo mtu anadhani imemfungia mlango wote. Nimeona penzi linalofichwa, kwa kuwa mwenyewe anajua akilileta mbele za Mungu itabidi aamue. Liandike lilivyo, kwa maneno unayoweza kuyasoma kwa sauti.

Hatua ya nne: liungame kwa jina lake

"Bwana, nisamehe, nimepoa" ni sala pana mno, haigusi mahali. Mimi ilibidi niseme: "Niliongopa kwamba niko zamu. Nilimwekea mwenzangu kinyongo kwa shilingi elfu kumi na tano. Niliuza Jumapili yako kwa bahshishi." Ikishatamkwa hivyo, ahadi ya 1 Yohana 1:9 ina mahali pa kutua: "Tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu, na kutusafisha na udhalimu wote."

Kama kanisa lako lina kitubio, nenda kwa padri. Kama halina, tafuta Mkristo mmoja mtu mzima, anayejua kunyamaza, umwambie. Dhambi iliyosikiwa na sikio la mtu mmoja mwaminifu hupungua nguvu. Siijui sababu yake yote, lakini nimeiona.

Ukiogopa kurudi, soma Yohana 21 taratibu. Petro alimkana Bwana akiwa anaota moto wa makaa. Alipofika ufukweni baada ya kufufuka kwa Yesu alikuta nini? Moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Yesu akasema, "Njoni mfungue kinywa." Sisi tunaokaa kando ya bahari tunaijua harufu hiyo, samaki juu ya makaa asubuhi. Bwana alimrudisha kwenye harufu ile ile ya usiku wa aibu yake, akamlisha kwanza, kisha akamwuliza mara tatu kama anampenda. Hakumwuliza kwa nini alikana.

Hatua ya tano: rudia matendo ya kwanza, usisubiri hisia

Kanisa la Efeso liliambiwa limeuacha upendo wake wa kwanza. Tungetegemea dawa iwe "jitahidi kupenda tena." Lakini Ufunuo 2:5 unasema: "Kumbuka ni wapi ulikoanguka, ukatubu, ukayafanye matendo ya kwanza." Kukumbuka, kutubu, kufanya. Hisia hazikutajwa. Zitakuja kwa wakati wake, na hata zikichelewa wewe unajua la kufanya.

Kwa hiyo kumbuka ulifanya nini ulipokuwa na moto. Mimi niliamka alfajiri, nikasoma, nikaimba wimbo mmoja kwa sauti ya chini. Ndiyo matendo yangu ya kwanza, nikayarudia.

Saa nilipewa na jirani zangu. Adhana ya alfajiri inapotoka msikitini, mtaa wote wa kwetu unaamka. Nasikia mlango wa jirani, nasikia maji ya udhu yakimiminwa. Miaka yote nilikuwa nageuka upande wa pili na kuvuta shuka. Siku hizi nikisikia muadhini nakaa kitako. Kama watu wote hawa wameacha usingizi kwa ajili ya kumwomba Mungu, nami nina Bwana wa kuzungumza naye. Sijaona kengele bora kuliko hiyo.

Anza kidogo. Dakika kumi. Simu naiacha jikoni, ndani ya sufuria kubwa iliyofunikwa, ili mkono usiifikie. Nasoma Biblia ya karatasi, tena kwa sauti. Kiswahili chetu cha Maandiko kina deni kwa kisiwa hiki: Askofu Edward Steere, aliyefariki mwaka 1882, alilitafsiri Agano Jipya akiwa hapa, akijifunza Kiunguja kwa watu wa hapa. Unaposoma kwa sauti unasikia lugha ambayo jirani yako anaitumia kununulia samaki, na Neno linaacha kuwa la mbali.

Soma nini? Injili ya Marko. Ina sura 16, sura moja kwa siku, umemaliza kabla mwezi haujafika mbali. Usirukie Ufunuo wala usitafute aya za bahati. Baada ya Marko, chukua zaburi moja kila siku. Siku ambazo huna neno la kusema, omba Zaburi 51:12 kama ilivyo: "Unirudishie furaha ya wokovu wako." Daudi aliomba arudishiwe, maana yake alikuwa nayo na akaipoteza, na hakuona haya kusema.

Dakika kumi ukizishika wiki mbili bila kukosa, ongeza. Ukikosa siku moja, usilipe deni kwa kusoma sura tatu kesho yake. Endelea ulipoishia.

Hatua ya sita: rudi kusanyikoni, na upange kwa akili

Hapa watu wa hoteli wananiambia, "Dada, wewe hujui kazi zetu." Nazijua. Sikiliza nilivyofanya.

Jikoni nina mwenzangu Mwislamu. Sala ya Ijumaa inagongana na chakula cha mchana, kwa hiyo kila wiki alikuwa anahangaika kuomba ruhusa. Nilimfuata nikamwambia: nitashika meza yako kila Ijumaa mchana, na sikukuu za Idd nitakuwa kazini mimi. Wewe nishikie Jumapili asubuhi mbili kwa mwezi, na asubuhi ya Krismasi. Alicheka, akasema, "Mbona hukusema siku zote?" Tukaenda pamoja kwa msimamizi, kabla ratiba ya mwezi haijatoka, tukamwandikia kwa karatasi. Alikubali, kwa kuwa hakupungukiwa mtu. Usingoje ratiba itoke ndipo ulalamike. Na usimwendee msimamizi mikono mitupu, mwendee na mtu wa kukushikia.

Ibada iko wapi? Mjini utakuta Kanisa la Anglikana Mkunazini, na Wakatoliki wanasali Minara Miwili. Mbweni lipo kanisa la zamani la Mtakatifu Yohana, mahali watumwa walioachwa huru walipopewa makazi na wamisionari. Mashamba na pwani kuna makusanyiko madogo ambayo hayana bango. Uliza wafanyakazi wenzako kutoka bara, watakuelekeza. Ikishindikana kabisa, tafuteni wawili watatu mkutane jioni ya siku yoyote. Bwana aliahidi kuwapo kati ya wawili watatu, hakutaja idadi kubwa zaidi.

Siku yangu ya kurudi nilipanda daladala ya alfajiri kwenda Mjini, nikaenda Mkunazini. Niliona aibu kwenda moja kwa moja kwenye kikundi changu. Nilikaa nyuma kabisa. Kanisa lile limejengwa palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi mwaka huo huo. Karibu na mlango kuna nguzo ndogo zilizosimamishwa kichwa chini miguu juu. Husimuliwa kwamba mafundi walizikosea Askofu Steere akiwa safarini, naye aliporudi akaziacha. Sikuisikia nusu ya mahubiri. Nilikuwa nazitazama zile nguzo, zimegeuzwa na bado zimebeba. Padri alipofika kwenye maungamo nililia, na mama aliyekaa pembeni yangu, tusiyejuana, akanisogezea ncha ya khanga yake nijifute.

Jumapili ya pili ndipo nilipowafuata wanakwaya wenzangu. Nilikuwa na elfu kumi na tano ndani ya bahasha. Nikamwita kando yule aliyenidai, nikamwambia niliongopa, na nilikuwa na kinyongo naye. Alinitazama kama mtu anayetafuta jambo kichwani. Alikuwa hakumbuki lile deni. Sare ile ilishaachwa, walikuwa wameshashona nyingine. Aliipokea bahasha kwa mikono miwili, akaniuliza kama nina kipimo changu cha gauni.

Hatua ya saba: kagua kila bamvua

Wakulima wa mwani hawaendi shambani wanapojisikia. Wanakwenda na bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yanapokupwa mbali na kamba zinapofikika. Mara mbili kwa mwezi. Wanatikisa kamba kutoa mchanga na majani mengine yaliyojizungusha, wanakaza fundo lililolegea, wanafunga mbegu mpya palipoachia. Asiyefika bamvua mbili mfululizo, akirudi hukuta samaki wamekula na kamba imevaa uchafu.

Nimechukua kalenda hiyo hiyo. Nikiwaona kina mama wanashuka pwani asubuhi na ndoo na kamba, najua siku yangu ya kukagua imefika. Jioni nakaa na ile karatasi ya maswali, najibu kwa namba. Kisha naomba Zaburi 139:23, "Ee Mungu, unichunguze, uujue moyo wangu," na nanyamaza kidogo. Halafu namtumia ujumbe dada mmoja anayefanya kazi Kiwengwa, naye ananitumia wake. Hatuhubiriani. Yeye huandika, kwa mfano, "Ibada moja, Biblia siku tisa, kinyongo na dada wa mapokezi." Mimi najibu namba zangu. Waebrania 3:13 inatuambia tuonyane kila siku. Sisi tumeweza bamvua, na hata hiyo imetuokoa mara nyingi.

Msiuache mkutano wa injili au mkesha wa mwaka mpya ufanye kazi hii. Mkesha mzuri nautamani nami, lakini fundo lililolegea mwezi wa pili haliwezi kungoja mwezi wa kumi na mbili.

Utateleza tena. Desemba iliyopita nilikosa kukagua mara mbili, na maombi yakafupika mpaka yakawa salamu. Safari hii nilijua ndani ya mwezi, haikufika Jumapili kumi na moja. Nilirudi kwenye hatua ya tatu, nikalitafuta fundo, nikalikuta: sikutaka kumsamehe mpishi aliyenisingizia mbele ya msimamizi. Nikaanzia hapo.

Jumapili ya juzi nilikuwa natoka, gauni la kwaya limepigwa pasi, Biblia kwapani. Jirani yangu alikuwa kibarazani anasokota kamba. Akainua macho.

"Wenda leo?"

"Nakwenda, bibi."

"Umependeza. Basi huko wendako niombee na mie, haya magoti yananiuma, bamvua hii sijashuka."

Nilimwombea, Jumapili ile na ile iliyofuata. Na bamvua lililokuja, kwa kuwa siku hiyo sikuwa na zamu, nilikwenda kumkazia kamba zake.